TAHARIRI: Kijana wa kamera, usiweke harusi ya watu kwenye kadi ya bei ya maandazi

Jumamosi, saa nane mchana. Bibi harusi anatokea kwenye mlango wa kanisa, mkono wake umeshikwa na babake. Kwaya inapandisha sauti, mashangazi wanapiga vigelegele, na wewe uko katikati ya njia na kamera yako ya megapikseli 45. Umekibonyeza kitufe na hujakiachilia. Trrrrr! Picha arobaini zimeingia kwa mpigo mmoja.

Halafu kamera inaanza kujikokota. Picha moja, kimya. Picha nyingine, kimya tena. Kataa kadogo kando ya kamera kanawaka tu, hakazimiki. Mbele yako baba anafunua shela ya bintiye, anambusu kwenye paji la uso, machozi yanamlengalenga, anamkabidhi kwa bwana harusi. Wewe unatazama tu kama mgeni mwalikwa. Kamera inapozinduka, mzee ameshaketi kwenye benchi la mbele anajipangusa kwa leso.

Shida hapo si lenzi uliyokodisha kwa pesa nyingi. Si jicho lako, wala si mwanga wa kanisa. Shida ni kale kakadi ulikonunua kwa haraka Ijumaa jioni kwa sababu kalikuwa rahisi na kaliandikwa namba kubwa.

Tunaandika haya kwa sababu vijana wengi mjini sasa wanajipatia riziki kwa kamera. Ruracio, harusi, mahafali, video za wasanii, matangazo ya biashara ndogo: hizo ndizo kazi zinazolipa kodi ya nyumba. Na kamera zenyewe zimebadilika. Zile za kisasa zisizo na kioo ndani, mirolesi kama tunavyoziita mtaani, zinatoa picha nzito kuliko zile tulizoanza nazo. Ila wengi wetu tumepandisha daraja la kamera tukaacha kadi kule kule chini.

Msimamo wetu ni huu: kadi ndiyo kifaa pekee ndani ya begi lako kinachobeba mali ya mtu mwingine. Kamera ni yako, lenzi ni yako au ya aliyekukodisha, lakini kilichomo ndani ya kadi ni siku ya watu. Ukipunguza gharama hapo, hujaokoa pesa zako. Umecheza kamari na kitu ambacho si chako.

Stage ya matatu

Ili ununue kadi vizuri, elewa kwanza kinachotokea ukibonyeza kitufe. Picha haiendi moja kwa moja kwenye kadi. Inaanza kwa kuingia kwenye ghala dogo la muda ndani ya kamera, linaloitwa bafa. Kutoka hapo ndipo inaandikwa kwenye kadi.

Fikiria stage ya matatu saa kumi na mbili jioni. Abiria ni picha zako, stage ni bafa, na matatu ni kadi. Abiria wakija wachache wachache, hakuna noma. Wakimwagika wote kwa pamoja na matatu zinakuja moja moja, stage inajaa mpaka barabarani na hakuna mtu mwingine anayeweza kuingia. Kamera inapojikokota, stage imejaa. Haijaharibika. Inangoja matatu.

Sasa tupige hesabu. Canon EOS R5 ina megapikseli 45, na faili moja ya RAW ambayo haijabanwa zaidi huwa na uzito wa takriban MB 45. Zile picha arobaini za bibi harusi ni MB 1,800. Kadi inayoandika MB 30 kwa sekunde itahitaji dakika nzima kuzimeza. Inayoandika MB 90 kwa sekunde itahitaji sekunde 20. Inayofika MB 250 kwa sekunde itamaliza kabla sekunde nane kuisha.

Dakika moja kanisani ni muda mrefu sana. Ndani ya dakika moja pete imevaliwa na watu wamepiga makofi.

Na hiyo ni megapikseli 45. Sony A7R IV na A7R V zina megapikseli 61, na ukiamua kupiga RAW isiyobanwa hata kidogo, faili moja inakaribia MB 120. Ndiyo maana mtu aliyekuwa sawa kabisa na kadi yake ya zamani kwenye kamera ya megapikseli 20 anashangaa kadi ile ile ikimwaibisha kwenye kamera mpya.

Soma kadi kama unavyosoma mkataba

Kampuni zinazotengeneza kadi hazidanganyi, ila zinajua pa kuweka maandishi makubwa. Ile namba kubwa iliyo mbele, mathani 170 au 200 MB/s, kwa kawaida ni kasi ya kusoma. Yaani kasi ya kutoa picha kwenye kadi kuzipeleka kwenye laptopu. Ni namba nzuri usiku unaponakili kazi nyumbani. Lakini pale kanisani kamera haisomi, inaandika.

Namba unayoitafuta ni ndogo na iko pembeni: herufi V ikifuatwa na tarakimu. V30 inamaanisha kadi imehakikishwa kwamba kasi yake ya kuandika mfululizo haitashuka chini ya MB 30 kwa sekunde. V60 haishuki chini ya MB 60, na V90 haishuki chini ya MB 90. Alama za zamani bado zipo pia. C10 na U1 zote ni MB 10 kwa sekunde, na U3 ni MB 30.

Elewa hapa: V ni kiwango cha chini, si cha juu. Kadi ya V60 inaweza kuandika kwa kasi zaidi ya hapo, lakini ahadi iliyo kwenye karatasi ni MB 60. Ni kama mshahara: kuna ule wa msingi, na kuna marupurupu. Ukipanga bajeti ya nyumba, unapangia ule wa msingi.

Alama nyingine ni namba ya Kirumi, I au II. Hiyo ni aina ya njia ambayo data inapitia. Kadi yenye I, yaani UHS-I, njia yake haizidi MB 104 kwa sekunde. Yenye II, yaani UHS-II, inaweza kufika MB 312 kwa sekunde. Huhitaji mtaalamu kuzitofautisha. Geuza kadi uangalie nyuma. Ya UHS-I ina safu moja ya vijino vya rangi ya dhahabu. Ya UHS-II ina safu mbili.

Kwa hivyo ukiona kadi yenye I moja na imeandikwa 200 MB/s, usishangae. Kasi hiyo hupatikana kwa kifaa maalumu cha kusomea kadi cha kampuni hiyo hiyo. Ukiiweka kwenye kamera, inarudi kwenye ile njia yake ya MB 104, na kwa kuandika huenda ikawa chini ya hapo.

Kuna mtego mmoja zaidi kwa wale wa video. Kamera hupima video kwa megabiti, kadi hupimwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji MB 12.5 tu kwa sekunde, na V30 inaimudu bila jasho. Lakini Sony A7 IV ikirekodi 4K ya megabiti 600, hiyo ni MB 75 kwa sekunde, na hapo V60 haina ahadi ya kukutosha. Unahitaji V90. Mtu asikuuzie V90 kwa sababu tu umetaja neno 4K. Muulize: megabiti ngapi?

Usinunue matatu isiyoingia kwenye stage yako

Kosa la pili, na hili linawapata hata wenye doo, ni kununua kadi kali kuliko kamera. Sony A6400 ni kamera safi na vijana wengi wanaanza nayo, lakini tundu lake ni la UHS-I. Ukiitumbukizia kadi ya V90 yenye safu mbili za vijino, itafanya kazi, ila itatumia safu moja tu. Umelipia barabara ya juu halafu unapita ya chini.

Sony A7 III ina matundu mawili, lakini hayalingani. La kwanza ni UHS-II, la pili ni UHS-I. Ukiamuru kamera iandike kila picha kwenye kadi zote mbili, itaifuata ile ya polepole, kwa sababu picha haitoki kwenye bafa mpaka kadi zote ziipokee. Ni wasafiri wawili waliofungwa kamba moja mguuni. Mwenye mbio hana faida.

Kamera kubwa zaidi zina aina nyingine kabisa ya kadi, CFexpress. Kuna ndogo inayoitwa Type A na kubwa inayoitwa Type B, na haziingiliani hata kidogo. Canon EOS R5 na Nikon Z8 zina tundu moja la Type B na jingine la SD ya UHS-II. Sony A7R V ina matundu mawili, na kila moja linapokea ama Type A ama SD ya UHS-II. A7R IV ni SD tupu, mbili za UHS-II.

Je, unaihitaji CFexpress? Kuna kazi ambazo hazina mjadala. R5 ikirekodi 8K ya RAW inatoa megabiti 2,600 kwa sekunde, yaani MB 325. Hiyo imepita hata mwisho wa njia ya UHS-II. Hakuna SD ya aina hiyo itakayoimudu. Vilevile kama unaenda Mara kungoja nyumbu wavuke mto, au Naivasha kungoja gari la Safari Rally liruke kwenye vumbi, utabonyeza kitufe na kukishikilia. Nyumbu hawarudii kuvuka kwa sababu bafa yako ilijaa.

Lakini kama kazi yako ni picha za familia studioni, mahafali, au chakula cha mgahawa kwa ajili ya Instagram, unapiga picha moja, unatazama, unapiga nyingine. Abiria wanakuja wachache wachache. Kadi ya V30 ya kweli inakutosha hata kwenye kamera ya megapikseli nyingi. Kwa harusi za kamera ya megapikseli 24 hadi 45, tunaona V60 ndiyo sehemu ya katikati yenye busara, mradi kamera yako iwe na tundu la UHS-II. V90 na CFexpress ziache kwa video nzito na michezo, mpaka kazi yenyewe ianze kuzilipia.

Ukitaka uhakika, jaribu mwenyewe. Weka kamera kwenye RAW na kasi ya juu ya mfululizo. Shikilia kitufe huku umeielekeza kwenye ukuta au, bora zaidi, kwenye mti wenye majani mengi. Hesabu picha mpaka ianze kujikokota. Halafu achilia, na uhesabu sekunde mpaka kile kitaa kizime. Fanya hivyo nyumbani, si mbele ya madhabahu. Sasa unajua kamera yako na kadi yako zinapatana vipi, na hakuna muuzaji anayeweza kukupiga porojo.

Kadi ya GB 512 ya mia tano

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe. Kasi yote hiyo ni bure kama kadi ni feki.

Kadi bandia zipo za aina mbili. Ya kwanza ni ya polepole iliyovalishwa nguo za ya kasi: stika inasema V60, ndani hata MB 20 ni taabu. Hiyo itakuaibisha, lakini angalau itakuachia kazi yako. Ya pili ndiyo muuaji. Ndani ina GB 32, lakini imepangwa kuidanganya kamera kwamba ina GB 512. Kamera inaamini. Wewe unaamini. Unapiga asubuhi yote, kila kitu kinaonekana sawa. Zikishapita zile GB 32 za kweli, picha mpya zinaandikwa hewani, au juu ya zile za zamani. Majina ya faili utayaona. Picha ndani hamna.

Hutagundua kanisani. Utagundua usiku, ukiwa umekaa na laptopu, chai mkononi, na bwana harusi ameshakutumia ujumbe: "Bro, hata tano tu za haraka za kuweka status."

Maji yakimwagika hayazoleki. Huwezi kuwarudisha watu mia tatu kanisani. Huwezi kumwambia nyanya aliyesafirishwa kutoka kijijini akae tena pale pale avae ile leso. Na kuna familia ambazo hiyo ndiyo picha ya mwisho ya nyanya.

Kwa hivyo, kwanza: nunua kwenye duka lenye mlango, lenye jina, na litakalokupa risiti. Si lazima liwe duka la vioo na kiyoyozi. Luthuli na Moi Avenue kuna wafanyabiashara waaminifu wengi waliojenga jina kwa miaka. Lakini risiti ndiyo inayokufanya uweze kurudi. Anayekuambia "hii haina risiti ndio maana nimekupunguzia" amekuambia ukweli wote unaohitaji kuujua.

Pili: bei ikikushangaza, iogope. Ukiuziwa GB 512 kwa mia tano, hujapata ofa. Rahisi huwa ghali.

Tatu: jaribu kila kadi mpya kabla ya kuipeleka kazini, hata uliyoinunua kwa mtu unayemwamini, kwa sababu yeye pia anaweza kuwa aliuziwa. Kuna programu za bure za kazi hiyo. H2testw ni ya Windows, na F3 ni ya Mac na Linux. Zinaijaza kadi mpaka pomoni kisha zinaisoma yote kuona kama kilichowekwa ndicho kinachotoka. Inachukua muda, kwa hivyo iache ifanye kazi usiku ukilala. Asubuhi utajua kama una kadi au una kipande cha plastiki.

Kwa wauzaji tunasema hivi: kijana anayekuja kununua kadi hanunui kitu cha kuchezea. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu 2008, na kuuza bidhaa bandia ni kosa. Na hata sheria ikilala, dhamiri isilale.

Mbili ndogo za kweli zinaishinda moja kubwa

Tukilazimika kuchagua jambo moja tu ulibebe kutoka hapa, ni hili: kati ya kadi moja ya bei kali na mbili za wastani zilizo halali, chukua mbili.

Kadi zote hufa. Ya bei ghali hufa, ya jina kubwa hufa. Kasi haizuii kifo. Kinachokuokoa ni kuwa na nakala nyingine. Kama kamera yako ina matundu mawili, yatumie yaandike picha ile ile kote kuwili. Wengi huyaweka yafuatane, moja ikijaa nyingine inaanza, kwa sababu wanaogopa kujaza. Kwa kazi ya kulipwa hilo ni kosa. Tundu la pili halikuwekwa kwa ajili ya nafasi zaidi. Liliwekwa kwa ajili ya usingizi wako.

Kama kamera yako ina tundu moja tu, kama Canon EOS R na EOS RP, gawanya siku. Kadi moja ya maandalizi nyumbani kwa bibi harusi, nyingine ya kanisa, nyingine ya karamu. GB 64 inabeba takriban picha 1,400 za MB 45, na hiyo inatosha sehemu moja ya siku. Moja ikikufia utapoteza sehemu, hutapoteza harusi nzima. Ile iliyojaa isitupwe kwenye mfuko wa suruali pamoja na sarafu na funguo. Iweke kwenye kikasha, kikasha kwenye mfuko wenye zipu, na mfuko usiachwe juu ya meza ya keki.

Halafu zile adabu ndogo ndogo. Fomati kadi ndani ya kamera, si kwenye laptopu. Usiichomoe kataa kakiwa kanawaka. Usitumie kale kakadi kadogo ka simu kwenye adapta kwa kazi ya mtu, kwa sababu hiyo ni sehemu moja zaidi inayoweza kulegea. Na usifute kadi mpaka picha ziwe mahali pawili tofauti, tuseme laptopu na diski ya nje, na ikiwezekana nakala ya tatu iwe nje ya nyumba yako. Mwizi akiingia, habagui laptopu na diski.

Na siku ikitokea umefuta kwa bahati mbaya, acha kupiga hapo hapo. Toa kadi, iweke kando. Picha iliyofutwa mara nyingi bado ipo mpaka nyingine iandikwe juu yake. PhotoRec ni programu ya bure inayoweza kuirudisha. Kila picha mpya unayopiga baada ya kosa ni koleo moja la udongo juu ya ile uliyoipoteza.

"Lakini doo iko wapi?"

Tunalisikia hilo swali, na si la kejeli. Maisha ni magumu. Mteja anataka picha mia tano, video, drone, na albamu, kwa bei ya viatu. Anakulipa nusu, nusu nyingine unaifuata kama deni la chama. Katika hali hiyo, kumwambia kijana anunue kadi mbili za V60 ni kama kumwambia mwenye njaa achague sahani.

Ila tazama unavyotumia pesa ulizo nazo. Kijana anakopa anunue kamera ya megapikseli 61 kwa sababu jina linasikika vizuri, ilhali wateja wake wote wanataka picha za kuweka kwenye simu. Halafu anakosa pesa za kadi. Megapikseli si bure. Kila unayoiongeza inakudai kadi ya kasi zaidi, diski kubwa zaidi na laptopu yenye nguvu zaidi. Kamera ya megapikseli 24 yenye kadi mbili za kweli itakupa harusi salama kuliko ya 61 yenye kadi moja ya kubahatisha. Na kama kamera yako unaweza kuishusha iandike RAW iliyobanwa, ishushe. Mteja hataona tofauti, bafa yako itaiona.

Pia, ingiza kadi kwenye bei. Unapoandika kiasi unachomtoza mteja, unaweka usafiri, unaweka msaidizi, unaweka lenzi ya kukodi. Weka na kadi. Mwambie waziwazi: "Picha zako naziandika mahali pawili kwa wakati mmoja, na sizifuti mpaka uzipokee." Hiyo sentensi moja inakutofautisha na yule wa bei ya chini kuliko hata kamera yenyewe. Na kama kazi ni kubwa kuliko vifaa vyako, kodisha kadi kama unavyokodisha lenzi. Hakuna aibu. Ila ijaribu usiku ule, kwa sababu hujui ilikotoka.

Na wewe unayesoma haya ukiwa unapanga harusi yako, si mpiga picha, una kazi pia. Usimchague kijana kwa Instagram yake peke yake. Muulize maswali mawili: Kamera yako inaandika kwenye kadi ngapi? Na nakala ya pili inakaa wapi? Akijibu bila kusita, mlipe anachostahili, na umlipe kwa wakati. Ukimkamua mpaka shilingi ya mwisho, ujue shilingi hiyo ataitafuta mahali, na mahali rahisi pa kuikata ni pale usipopaona: ndani ya tundu la kadi.

Kijana mwenzetu, kazi hii umejifunza kwa jasho. Ulikesha ukitazama video za mafunzo, ukabeba begi la mwingine bila malipo, ukapiga picha za marafiki bure mpaka jina lako likaanza kutajwa. Jina hilo limejengwa picha kwa picha, na linaweza kubomolewa na kitu kidogo kuliko stempu ya posta.

Kwa hivyo kabla ya Jumamosi ijayo, toa kadi zako zote uziweke mezani. Geuza kila moja uhesabu safu za vijino. Tafuta ile V ndogo. Angalia kitabu cha kamera yako kinasemaje kuhusu matundu yake. Zile ambazo hujawahi kuzijaribu, zijaribu usiku huu. Ile ambayo huiamini, iondoe kwenye begi kabisa, mpe mdogo wako aweke nyimbo.

Jumamosi mzee atamshika bintiye mkono tena, katika kanisa jingine, na ataifunua shela mara moja tu.